Chupa ya Daktari



Pengine siku moja daktari atamkata mgonjwa wenu uvimbe, kisha awape chupa muipeleke hospitali kubwa. Ndani mna kinyama kidogo. Kile kinachoonekana kama maji ni dawa, jina lake fomalini.

Nyama ikitoka mwilini huanza kuharibika mara moja. Chumvi hufaa kwa samaki wa kuliwa, lakini huharibu zile chembe ndogo sana ambazo daktari hutazama kwa hadubini. Fomalini huzishika zikabaki zilivyo. Mjerumani mmoja, Ferdinand Blum, alitambua hayo mwaka 1893, alipoona ngozi ya vidole vyake imekuwa ngumu kwa kuishika dawa hiyo.

Dawa huingia polepole, karibu milimita moja kwa saa. Kwa hiyo huwa nyingi, mara 10 au zaidi kuliko kinyama chenyewe. Msiipunguze ili mzigo uwe mwepesi! Msiongeze maji. Wala msiifungue kunusa. Mvuke wake huchoma macho.

Kinyama kikioza njiani, hakuna awezaye kusema kama uvimbe ule ni saratani au sivyo. Mgonjwa hukatwa tena, na mara nyingine hapana kilichobaki cha kukatwa.

Kabla ya kuondoka, someni jina. Liwe kwenye chupa, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni: jina la mgonjwa, tarehe, mahali uvimbe ulipotolewa.