Ushindi wa Arthur Ashe Katika Kiwanja cha Majani, 1975

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Bariadi)



Tulipoombwa kusema habari za michezo, bila shaka wengi walitazamia mpira wa miguu. Twaomba radhi, kwani tumechagua tenisi, tena tenisi ya kiwanja cha majani, ambayo katika udongo wetu huu wa mbuga, upasukao kila kiangazi, haijulikani sana. (Na majani hayo kama yangeoteshwa hapa Bariadi, ng'ombe wangekuwa wa kwanza kuyafaidi.) Lakini mtu tunayetaka kumtaja alikuwa mtoto wa mtumishi, tena mkuu wa chama, kwa hiyo habari zake zatuhusu.

Arthur Ashe alizaliwa Richmond, katika jimbo la Virginia, Marekani, tarehe 10 Julai 1943. Baba yake alikuwa mtunzaji wa bustani ya mji iliyotengwa kwa watu weusi, na nyumba ya kazi ilikuwa humo humo, karibu na viwanja vya tenisi. Basi mtoto alishika raketi kwa sababu baba yake alipewa nyumba ya kazi. Katika viwanja vya Wazungu hakuruhusiwa. Mwalimu wake, Daktari Robert Walter Johnson, alimfundisha asibishane na mwamuzi kamwe, na hata mpira ulioanguka nje kidogo ya mstari aurudishe kana kwamba umeingia, ili asipatikane mtu wa kumshitaki kwa ugomvi. Wazee wetu waliotumika zamani za ukoloni wangaliielewa adabu hiyo pasipo kuelezwa.

Mwaka 1968 alishinda mashindano makuu ya Marekani. Wakati huo alikuwa luteni wa jeshi, akifanya kazi katika chuo cha kijeshi cha West Point, na kwa kuwa hakuwa mchezaji wa kulipwa, zawadi ya dola 14,000 ilikwenda kwa Tom Okker, aliyeshindwa. Mshindi alipata posho ya dola 20 kwa siku. Makarani wenzetu, mnaojua hesabu za posho, hatuna haja ya kuwaongezea neno.

Miaka minne baadaye wachezaji waliunda chama chao, naye alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Mwaka 1973 wachezaji 81 walikataa kwenda Wimbledon kwa sababu mwenzao Nikola Pilić alifungiwa. Ashe alikuwa mmoja wao. Mwaka 1974 alichaguliwa kuwa mkuu wa chama. Kijana Jimmy Connors, aliyekuwa hodari kupita wote, hakukubali kujiunga, na baadaye alimshitaki Ashe akidai mamilioni ya dola, kwa barua ya kumlaumu kwamba hataki kuchezea nchi yake Kombe la Davis. Husemwa katika maofisi, tangu Martin Kayamba alipoanzisha chama cha watumishi Waafrika kule Tanga mwaka 1922, kwamba mtu wa chama si mtu wa kazi. Tuyatazame basi yaliyotokea.

Tarehe 5 Julai 1975 wawili hao walikutana katika mchezo wa mwisho wa Wimbledon, na kesi haijaamuliwa. Connors alikuwa na miaka 22, bingwa wa mwaka uliotangulia, wala hakuwa amepoteza seti hata moja. Ashe alibakiza siku tano kutimiza 32. Walikuwa wamekwisha kukutana mara tatu, na mara zote tatu Ashe alishindwa.

Nguvu ya Ashe ilikuwa kupiga kwa kishindo; na Connors alipenda kishindo, maana aliugeuza mpira wa mwenziwe kuwa silaha yake. Siku ile Ashe aliiacha nguvu yake. Alipiga pole, chini chini, akaanzisha mpira kwa kuutupa mbali upande wa kulia wa Connors, atumiaye mkono wa kushoto, na akimwona amesogea wavuni humrushia juu ya kichwa. Walipopumzika aliketi amefumba macho. Seti mbili za kwanza zilikwisha 6–1, 6–1.

Hapa twapenda kukawia kidogo. Connors alichukua seti ya tatu 7–5, kisha katika ya nne akatangulia 3–0. Atazamaye ngoma za Bagika na Bagalu amewahi kumwona kiongozi ambaye, watu wakianza kuhamia upande wa pili, hubadili wimbo kwa haraka akaharibu kazi ya mchana kutwa. Ashe hakubadili. Aliendelea pole pole vile vile, akaimaliza 6–4. Althea Gibson alikuwa amemtangulia kwa upande wa wanawake mwaka 1957 na 1958. Lakini kwa wanaume, Ashe alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa Wimbledon. Safari hii alipokea zawadi yake, pauni 10,000.

Baada ya muda mfupi Connors aliiondoa kesi. Mwaka 1981 Ashe aliwekwa kuwa kiongozi wa timu ya Marekani ya Kombe la Davis, na mwaka 1984, timu hiyo ilipokwenda Sweden kucheza fainali, Connors alikuwamo, chini ya amri yake.