Oili Nzito ya Rali: Ipelekwe Injini Gani?

Mada kwa semina ya mafundi wa gereji, Kisugu, Kampala

Gereji inayohudumia magari ya rali haikosi galoni zilizobaki bila kufunguliwa: 20W-50, 10W-60, oili ya bei ghali ambayo kuitupa ni hasara. Swali ni injini gani ya kila siku inayoistahili.

Oili hiyo ilitengenezwa kwa mateso. Injini ya turbo ya Subaru Impreza au Mitsubishi Lancer Evolution ikikamuliwa kwenye barabara za vumbi, joto la oili linaweza kupita nyuzi 120, na kadiri joto linavyopanda ndivyo oili inavyolegea. Kwa kipimo cha SAE, oili ya daraja la 50 ikiwa na joto la nyuzi 100 huwa na mnato wa sentistoki 16.3 hadi 21.9. Daraja la 20 huwa na 6.9 hadi 9.3 tu.

Tofauti hiyo ndiyo inayoiadhibu Toyota ndogo iliyoandikiwa 0W-20. Asubuhi, gari likianza kupanda Muyenga injini ikiwa bado baridi, oili nzito huchelewa kupenya vijia vyembamba vya VVT-i, na mafuta huliwa zaidi. Isitoshe, oili nyingi za mashindano zina zinki na fosforasi kwa wingi. Fosforasi huharibu kichocheo cha kusafisha moshi kwenye ekzosi (catalytic converter), ndiyo maana tangu daraja la API SM la 2004 oili nyepesi za petroli zimewekewa kikomo cha asilimia 0.08.

Makao ya kwanza ya oili hii nzito ni boda boda. Bajaj Boxer hupozwa kwa upepo, hushinda juani ikibeba abiria, na 20W-50 ndiyo oili inayopendekezwa kwake. Lakini fundi asimimine kabla ya kusoma galoni: lazima pawe na alama ya JASO MA, ya oili ya pikipiki. Klachi ya pikipiki huogelea katika oili ileile ya injini, na viungo vya kupunguza msuguano vinavyotiwa katika baadhi ya oili za magari huifanya iteleze. Dalili huonekana mlimani: injini inapiga kelele, pikipiki haisogei.

Makao ya pili ni injini kuukuu ya petroli inayokula oili na kutoa moshi wa buluu. Oili nzito hupunguza ulaji huo na kuinua presha. Ringi zilizokwisha haizitengenezi, na mwenye gari aambiwe hivyo waziwazi. Abadilishe mapema pia, maana oili nyingi za mashindano zina sabuni kidogo ya kusafisha injini.

Haiasi ya dizeli isiguswe, kwa sababu ya masizi ya injini hiyo, isipokuwa galoni ina alama ya dizeli kama API CI-4. Jenereta ndogo nayo iachwe: vitabu vingi vinataja SAE 30 au 10W-30, na oili nzito huifanya iwe ngumu kuvuta kamba.