Gesi Kebirigo, Sherehe Kisii: Maagizo ya Afya na Kalenda ya Siasa, 2020–2021



Mada ya siasa kuingilia maagizo ya afya ikitajwa, wengi wetu hukimbilia Tanzania. Huko takwimu za Korona zilikoma mwishoni mwa Aprili 2020 zikiwa kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Siku chache baadaye Rais Magufuli akadai papai na mbuzi wamepimwa wakakutwa na virusi, na mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa kazi. Ni mfano wa kutisha, ila sisi Wakenya hutuliwaza bure. Kwetu hakuna mtaalamu aliyezibwa mdomo. Tangu mgonjwa wa kwanza atangazwe Machi 13, 2020, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, na wenzake walisoma takwimu karibu kila siku, na wazee wa Nyaribari na Borabu wakazifuata redioni kama wanavyofuata matokeo ya mpira. Wataalamu waliachwa waseme watakavyo, kisha wanasiasa wakapita mbele yao wakipungia umati mkono. Nadai kwamba jambo hilo lilituharibia hapa Gusii, yaani Kisii na Nyamira, kuliko uvumi wowote wa WhatsApp, na aliyeachiwa hasara ni afisa wa ngazi ya chini kabisa.

Tuanze na siku 14 za Oktoba 2020. Mwezi ulianza sheria zikiwa zimelegezwa: Septemba 28 Rais Uhuru Kenyatta alikuwa amesogeza kafyu hadi saa tano usiku, akafungua baa, na kuruhusu watu 200 mazishini. Oktoba 7, baada ya watu kuuawa katika vurugu za mkutano wa Kenol, Murang'a, Kamati ya Ushauri ya Usalama wa Taifa ikatoa masharti makali ya mikutano. Kesho yake, Oktoba 8, polisi walifyatua gesi ya kutoa machozi Kebirigo, Nyamira, kuwatawanya watu waliokuwa wakimngoja Naibu wa Rais William Ruto. Mkutano ukaahirishwa. Oktoba 20, mwendo mfupi tu kutoka Kebirigo, sherehe za Mashujaa zikafanyika Uwanja wa Gusii, na maelfu wakamiminika mjini Kisii. Oktoba 21, Rais na Raila Odinga wakapokea ripoti ya BBI, mpango wao wa kurekebisha Katiba, katika Ikulu ndogo ya Kisii, na mji ukawa wa shangwe tena.

Mtasema masharti ya Oktoba 7 yalikuwa ya usalama, si ya afya. Kisheria ni kweli. Lakini niambieni, mama anayeuza ndizi Daraja Mbili angeyatenganishaje? Kwa miezi saba sauti ile ile ya serikali ilikuwa imemwambia kwamba mkusanyiko ni ugonjwa. Alipoona mkusanyiko mmoja ukipigwa gesi na mwingine ukifunguliwa njia na pikipiki za polisi, alijumlisha mwenyewe: Korona ina chama. Na wala sisemi Ruto alikuwa mlinzi wa afya. Mikutano yake ilijaa vile vile, barakoa zikiwa kidevuni. Tangatanga, kambi ya Ruto, na Kieleweke, kambi ya Rais, walilingana kwa hilo, tofauti ikiwa upande mmoja ulikuwa na polisi.

Novemba 4 Rais alilitangazia taifa kwamba Oktoba ulikuwa mwezi mbaya kuliko yote: maambukizi mapya zaidi ya 15,000 na vifo karibu 300. Akapiga marufuku mikutano ya kisiasa kwa siku 60. Sherehe za Kisii si chanzo cha namba hizo zote. Baa zilikuwa zimefunguliwa, watu wamechoka, na virusi havihitaji jukwaa. Lakini marufuku hiyo ilikuja wiki mbili tu baada ya ripoti ya BBI kupokewa.

Sasa twende mazishini, maana huko ndiko siasa ya Gusii hufanyikia. Katika miezi ile idadi ya waombolezaji iliyoruhusiwa ilipanda kutoka 15 hadi 100, kisha 200. Kila tarakimu ilimfikia afisa wa afya wa wadi kwa simu, na ni yeye aliyekwenda kuisimamia. Mnaijua hali ilivyokuwa. Jeriken ya maji na sabuni getini, viti vya plastiki vimepangwa mita moja moja, kijana wa familia ameshika karatasi ya kuandika majina. Mpaka saa nne mambo shwari. Saa sita helikopta inazunguka juu ya migomba, watoto wa vijiji vitatu wanakimbilia uwanja wa shule, na mheshimiwa anaingia na msafara ambao hakuna aliyeandika jina lake. Viti vinasogezwa. Mfawidhi anaanza kutambua itifaki. Afisa wa afya afanye nini? Akimgusa mheshimiwa, kesho anahamishwa. Akinyamaza, wiki ijayo atakapomwambia mzee mwenye msiba kwamba wakwe zake ni wengi mno, mzee atamtazama tu.

Februari 1, 2021, Simba Arati na Silvanus Osoro, wabunge wote wawili, walirushiana ngumi katika mazishi Kisii mbele ya Raila Odinga. Nchi ilicheka na video ikazunguka. Kilichonishughulisha mimi ni umati uliozunguka jukwaa lile, ilhali kaunti jirani ya Nyamira ilikuwa imempoteza Gavana John Nyagarama wiki chache tu kabla, Desemba 18.

Mei mwaka huo ukaja uchaguzi mdogo wa Bonchari, uliofanyika tarehe 18. Virusi vya Delta vilikuwa tayari vimegunduliwa Kisumu. Juni 1 sherehe za Madaraka zikafanyika huko huko Kisumu. Katikati ya Juni serikali ikatangaza kaunti 13 za Nyanza, Magharibi na Bonde la Ufa kuwa eneo hatari, Kisii na Nyamira zikiwemo: kafyu saa moja jioni, mazishi ndani ya saa 72 na watu wasiozidi 50, masoko ya mifugo na ya bidhaa zisizo chakula kufungwa. Agizo hilo lilikuwa sahihi kitaalamu, na mimi nililiunga mkono. Lakini lilifika baada ya kura kupigwa na gwaride kupita, likamwangukia mchuuzi wa mitumba wa Keroka.

Kwa nini wataalamu hawakuizuia mikusanyiko hiyo? Sheria ya Afya ya 2017 inamtaja Mkurugenzi Mkuu wa Afya kuwa mshauri wa kitaalamu wa serikali. Katika kipindi hiki chote Dkt. Patrick Amoth aliishika nafasi hiyo kama kaimu. Mwaka 2021 dunia ilimwamini kuongoza Bodi ya Utendaji ya WHO, na hapa nyumbani bado alikuwa kaimu! Sidai alishinikizwa. Nadai tu kwamba kiti cha kaimu hakijatengenezwa kwa ajili ya kumwambia Rais kwamba sherehe isogezwe. Kafyu nayo ilitangazwa chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma, kwa hiyo rungu lilitangulia sabuni. Kwenye kaunti hali ni hiyo hiyo kwa kipimo kidogo: Katiba imeziachia kaunti huduma za afya, mkurugenzi wa afya wa kaunti ni mshauri, lakini waziri wa afya wa kaunti ni mteule wa gavana.

Napendekeza mambo mawili, na sitaki tuyafanye kumi. La kwanza, mabunge yetu mawili ya kaunti yapitishe sheria inayofanana, inayompa mkurugenzi wa afya wa kaunti mamlaka ya kutangaza kiwango cha mikusanyiko wakati wa mlipuko, kwa saini yake, na sababu zake zichapishwe siku hiyo hiyo. Kiwango hicho kihesabu mkutano wa gavana sawa na harusi ya mwalimu. Lazima ifanane kwa sababu mji wa Keroka uko pande zote mbili za mpaka, na mtu akivuka barabara hawezi kukuta virusi tofauti. La pili, afisa aliyetekeleza kiwango hicho asihamishwe kabla bodi ya utumishi ya kaunti haijasikiliza sababu za uhamisho, tena kwa maandishi.

Wengine watasema wawakilishi wadi hawatapitisha sheria inayowabana wao wenyewe. Huenda. Lakini uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027, na mswada huu ukifika mezani kampeni zikiwa zimeanza, hautasomwa hata mara ya kwanza. Rasimu ya vifungu vyake sita mnayo katika bahasha zenu. Naomba makundi ya alasiri yaanze na kifungu cha nne, kile cha uhamisho, kwa kuwa ndicho kitakachopingwa.