SAUMU MBILI: KITUNGUU CHA KUCHOMA NA HAKI YA JIRANI WA SAFU



Tumezoea kwamba mwezi wa Ramadhan tukikaa hivi tunazungumza juu ya subira, juu ya Qur'ani na juu ya zaka. Leo tutazungumza juu ya kitunguu saumu. Naona wengine mmeanza kutabasamu. Tabasamuni, lakini nisikilizeni mpaka mwisho, kwa sababu jambo hili linaanzia jikoni na linaishia msikitini.

Kwanza tuliangalie neno lenyewe. Kwa Kiswahili tuna saumu mbili. Kuna saumu ya funga, iliyotoka kwenye neno la Kiarabu sawm. Na kuna saumu ya kitunguu, iliyotoka kwenye neno jingine la Kiarabu, thum, ndiyo maana ndugu zetu wa Pwani wengi mpaka leo husema kitunguu thomu. Kwa Kiarabu ni maneno mawili mbalimbali kabisa. Sisi tuliyapokea, tukayatamka, yakafanana kama mapacha.

Sasa tazameni ajabu iliyopo hapa. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa harufu ya mdomo wa mtu aliyefunga ni nzuri mbele ya Mwenyezi Mungu kuliko miski. Hiyo ni harufu ya saumu ya kwanza. Na Mtume huyo huyo (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Jabir (R.A.), amemwambia aliyekula kitunguu saumu au kitunguu maji ajitenge na msikiti akae nyumbani kwake, kwa sababu malaika huudhika kwa yale yanayowaudhi wanadamu. Hiyo ni harufu ya saumu ya pili. Harufu moja inapendwa mbinguni, nyingine inamzuia mtu asiingie kwenye safu. Basi mtu asije akachanganya hizi mbili, akaja tarawehe na pumzi ya kachumbari ya vitunguu akasema, "Hii ni harufu ya funga, nivumilieni!" La, ndugu yangu. Hiyo ni ya kachumbari.

JE, SAUMU NI HARAMU?

Hapana. Abu Ayyub al-Ansari (R.A.), yule aliyempokea Mtume (S.A.W.) nyumbani kwake Madina, alimpelekea chakula, kikarudi hakijaguswa kwa sababu kilikuwa na saumu. Abu Ayyub akaingiwa na wasiwasi, akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kuwa si haramu, ila Mtume mwenyewe alichukia harufu yake. Kwa hivyo chakula ni halali, na tatizo liko kwenye harufu tu.

Na dawa ya harufu hiyo tumepewa na Sayyidna Umar (R.A.). Katika khutba ya Ijumaa mwishoni mwa maisha yake, iliyomo katika Sahih Muslim, aliwakumbusha watu kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akisikia harufu hii kwa mtu msikitini huamuru atolewe mpaka Baqii. Kisha Umar akasema, kwa maana yake, kwamba asiyeweza kuacha kuvila vitunguu hivi basi avifishe kwa kuvipika. Sikieni neno hilo: avifishe. Hakusema avipitishe motoni kidogo. Vife kabisa.

Hapo ndipo inapoingia kazi ya leo, kuchoma saumu nzima polepole mpaka ife.

KWA NINI IKICHOMWA INATULIA?

Saumu ikiwa nzima, hebu inuse. Hainuki sana. Ukiikata au ukiiponda ndipo inapokupiga puani. Ndani ya punje mna vitu viwili vilivyowekwa mbalimbali, kama kiberiti na njiti. Kisu kikipita vinakutana, na papo hapo kunazaliwa kile kitu kikali, wataalamu wanakiita alisini. Ukiipika ikiwa nzima, bila kuiponda kwanza, moto unakiharibu kimoja kati ya vile viwili kabla hakijakutana na mwenzake. Ukali unakosa pa kuzaliwa. Na sukari iliyojificha ndani ya punje inalainika na kugeuka rangi ya kahawia. Ndiyo maana saumu ya kuchoma ni tamu, mtoto mdogo anaila.

Wengine watasema, "Mimi nitapiga mswaki." Mswaki ni sunna na ni usafi, lakini kwa saumu mbichi hautoshi. Sehemu ya harufu yake huingia katika damu, ikatokea mapafuni kila ukipumua, kwa saa nyingi. Na hapa Nairobi kati ya Maghrib na Isha ni saa moja na dakika chache tu! Ukifuturu kwa saumu mbichi, unaingia tarawehe ikiwa bado moto moto. Ikishatokea umeila, kunywa maziwa pamoja na chakula. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walionyesha mwaka 2010 kwamba maziwa hupunguza harufu hiyo. Hupunguza, hayaimalizi.

NAMNA YA KUCHOMA

Ukishuka hapa Dagoretti Corner, kwenye njia panda ya Ngong Road na Naivasha Road, saumu haikosi kwa mama mboga. Kuna za Uchina, nchi inayozalisha saumu nyingi kuliko zote duniani, nazo ni nyeupe na punje kubwa. Kuna zinazotoka Meru, na kuna za Tanzania. Zote zinafaa. Chagua kichwa kigumu, kizito mkononi, kisichochipua. Usinunue zile punje zilizokwisha menywa, hizo si za kazi hii.

Wenye oveni: kata ncha ya juu ya kichwa, punje zionekane. Tia kijiko kidogo cha mafuta na chembe ya chumvi. Funga kwa foili, weka kwenye moto wa nyuzi 200 kwa dakika 40 hadi 50.

Lakini wangapi kati yetu wana oveni? Wengi tunaishi na meko ya gesi au jiko la makaa, na hilo lisikuzuie. Mama zetu wa Pwani wameoka mikate miaka mingi kwa moto wa juu na wa chini. Chukua sufuria nzito, tandika mchanga safi mkavu chini, upana wa kidole kimoja. Panga vichwa vya saumu juu yake vikiwa vizima na maganda yake. Funika, weka kwenye jiko lenye makaa yaliyotulia, kisha palia makaa machache juu ya kifuniko. Acha kama saa nzima. Au rahisi zaidi: wakati maharagwe ya futari yanachemka, zungushia kichwa foili ukifukie kwenye majivu ya moto kando ya jiko, kama unavyochoma kiazi kitamu. Makaa ni yale yale, hujaongeza hata senti.

Mwenye meko ya gesi atenganishe punje bila kumenya, azitie kwenye karai kavu, moto mdogo kabisa, azigeuze geuze kwa dakika 15 hadi 20 mpaka maganda yapate madoa meusi.

Utajuaje imeiva? Chomeka ncha ya kisu. Ikiingia kama kwenye avokado iliyoiva, tayari. Ikigoma, rudisha. Na moto uwe mdogo, ndugu zangu. Moto mkali unaunguza nje na kuacha ndani mbichi, ukapata uchungu wa nje na harufu ya ndani. Hapo hujaifisha, umeijeruhi tu.

NAMNA YA KUITUMIA

Iache ipoe kidogo, kisha bana punje kwa vidole. Itatoka laini kama dawa ya meno. Kichwa kimoja kinatosha sufuria ya watu watano au sita.

Ndengu au maharagwe ya futari: ponda saumu, itie mwishoni, koroga, epua. Utapata mchuzi mzito wenye ladha hata kama siku hiyo hakuna nyama. Viazi vya kuponda: changanya na maziwa na chumvi. Mtindi: changanya na saumu, chumvi na ndimu, uchovyee bajia na sambusa. Mkate wa jana: paka, uupitishe motoni, na daku imepatikana. Sukuma wiki: tia kijiko kimoja mboga ikikaribia kuiva. Hapa ndipo utaona kuwa futari nzuri haitaki pesa nyingi, inataka mtu aliyejali.

Na hili nawalenga vijana wa kiume hasa. Kazi hii haihitaji ufundi. Mama na dada wamefunga kama wewe, na tangu Laasiri wako jikoni. Kaa kando ya jiko ugeuze saumu. Hilo nalo ni ibada.

TAHADHARI TATU

Kwanza, makaa. Washeni jiko nje, au mlango na dirisha viwe wazi. Wengi wetu tumepanga chumba kimoja, na wakati wa mvua na baridi mtu hufunga kila kitu. Makaa hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, na mtu haamki. Baada ya daku jiko litoke nje kabla hujalala. Tafadhalini sana.

Pili, usiiweke saumu ndani ya mafuta ukaiacha kabatini. Mwaka 1985 mjini Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua ugonjwa mbaya wa botulizimu baada ya kula mkahawani chakula chenye saumu ya chupa iliyokuwa kwenye mafuta bila kuwekwa kwenye baridi. Saumu hutoka udongoni na inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo hazifi kwa moto wa kawaida wa jikoni. Zikifunikwa na mafuta, pasipo hewa, zinaamka na kutoa sumu inayolegeza misuli hata ile ya kupumulia. Huioni wala huinusi. Kwa hivyo asiye na friji achome ya siku hiyo na aile siku hiyo. Mwenye friji asizidishe siku nne.

Tatu, saumu isikutoe hospitali. Wako wanaomeza saumu mbichi kwa ajili ya presha wakaacha vidonge. Usiache dawa ya daktari kwa sababu ya kitunguu. Na anayetumia dawa ya kufanya damu iwe nyepesi amuulize daktari kabla ya kuimeza kwa wingi.

HAKI YA JIRANI

Namalizia. Tunajua haki za jirani wa nyumba. Lakini usiku wa Ramadhan unaye jirani mwingine, yule aliyesimama bega kwa bega nawe. Huenda ni fundi wa samani aliyeshinda akipiga randa kandokando ya Ngong Road kwenye jua. Huenda amefungua kwa tende na maji ndani ya matatu, msongamano ukiwa umemshika, akakimbilia msikitini. Anataka rakaa zake zitulie. Pumzi yako isiwe sababu ya yeye kuhesabu dakika badala ya kusikiliza aya.

Na wewe ukisikia harufu kwa mwenzako, hasa mzee, usimkunjie uso wala usimsimange mbele za watu. Hatukupewa hadithi hizi tuzifanye fimbo za kuchapia watu. Kesho yake mpelekee bakuli la ndengu lenye saumu ya kuchoma. Muonjeshe, mwambie, "Mzee wangu, hii tuliifisha kwanza." Atacheka, ataelewa, na safu itabaki imeshikana.

Mwenyezi Mungu atukubalie saumu yetu, ile ya kwanza, na atubarikie vyakula vyetu. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam Aleikum Warahmatullahi Wabarakatuh.