Hoja hujibiwa kwa hoja



Vijana wenzangu wa Changamwe, Magongo, Chaani, Mikindani na Port Reitz, leo tuzungumze kuhusu mdahalo.

Kuna mashindano ya dunia ya mdahalo kwa wanafunzi wa sekondari. Yalianza Australia mwaka 1988. Doha iliyaandaa 2010, Cape Town 2012. Kila nchi hupeleka timu moja, watu wasiozidi watano, na watatu ndio husimama katika kila mdahalo. Msemaji anapewa dakika nane. Dakika ya kwanza ikiisha, mpinzani anaweza kusimama kukuuliza swali, mpaka dakika ya saba. Mada nyingine mnazijua mapema, nyingine mnapewa saa moja tu ya kujiandaa, bila intaneti. Majaji hutoa alama 40 kwa hoja, 40 kwa namna unavyozungumza, 20 kwa mkakati. Na upande hamjichagulii.

Sasa hapo pa upande, kuna wanaouliza: nikitetea jambo nisiloliamini, si unafiki huo? La. Kila aliye ukumbini anajua umepangiwa, hakuna anayedanganywa. Faida yake ni kwamba unalazimika kuijua hoja ya mwenzako sawasawa na mwenyewe anavyoijua. Ukishaijua humtukani, unamjibu.

Na si mambo mageni kwetu haya. Mapema karne ya 19, Mombasa na Lamu zikiwa na uhasama, Muyaka bin Haji alijibizana na washairi wa Lamu. Shairi lilijibiwa kwa shairi.

Tatizo liko wapi? Ni watano kwa nchi nzima. Mazoezi yakibaki kwenye shule za ada kubwa, hao watano watatoka huko huko. Mtoto wa Chaani hatakuwa ameshindwa, manake hata ukumbini hakuingia.

Lugha ya mashindano hayo ni Kiingereza. Lakini QatarDebate, kituo kilichoanzishwa Doha mwaka 2007, huandaa pia mashindano ya kimataifa ya shule kwa Kiarabu. Hebu niambieni, wangapi hapa mmekaa madrasa miaka na miaka? Kiarabu cha kusoma mnacho. Kilichobaki ni kusimama nacho mbele za watu.

Kuanza hatuhitaji mfadhili. Tafuteni chumba, saa ya simu na watu sita. Chukueni mada ya hapa hapa: je, malori ya bandarini yazuiwe kupita Magongo mchana? Rusheni sarafu mpate pande. Na dada zetu wawe wasemaji, sio wa kushika saa tu.

Kwa sababu mwisho wa haya si kikombe. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti lishirikishe umma. Kikao cha bajeti kikija hapa Changamwe, utapewa dakika chache tu. Aliyezoea kuulizwa maswali katikati ya maneno yake ataomba taa za barabarani, ataitaja barabara yenyewe, ataeleza kwa nini ianze hiyo, na akikatizwa hatatetereka. Asiyezoea atapiga kelele, na kelele haziandikwi kwenye ripoti.

Basi kila mmoja wetu akitoka hapa atafute wenzake watano.