Ilala na Serikali ya Mlangoni

Katika kipindi chetu cha leo sikukusudia kuwasimulieni habari za masultani na vita vyao, bali habari ya serikali ndogo kuliko zote, ile iliyo karibu na kizingiti cha nyumba yako, ambayo huzoa taka zako, humchanja mwanao, hukupa meza ya kuuzia sokoni, na siku ya shida hukuandikia barua ya kukutambulisha kwa wasiokujua. Na mahali nilipopachagua ni Ilala ya Dar es Salaam, kwa kuwa ni pachache katika nchi yetu ambapo serikali ya namna hiyo imeundwa, ikavunjwa, ikafufuliwa na kubadilishwa jina mara nyingi kama hapo.

Mwenye kutaka kuijua serikali hiyo kwa macho, na apite asubuhi katika ofisi yoyote ya serikali ya mtaa, iwe Gerezani, Mchikichini au Buguruni. Atakuta benchi la mbao, daftari la wakazi, kidau cha wino, na watu wameketi wakingoja zamu zao: mama anayetaka barua ya kwenda kumdhamini mwanawe polisi, kijana anayetafuta kitambulisho cha taifa, mpangaji na mwenye nyumba waliokosana kwa sababu ya kodi ya miezi mitatu. Mtendaji wa mtaa huuliza, “Unakaa nyumba namba ngapi? Mjumbe wako nani?” kisha huandika mistari michache, akauchovya muhuri na kuugonga. Mtu aliyeingia akiwa mmoja tu katika umati wa mji, hutoka akiwa mkazi wa mahali panapojulikana, mwenye jirani wa kumshuhudia. Jambo hili ni dogo, lakini tarikhi yake ni ndefu.

Mji wenyewe wa Dar es Salaam, ambao kitovu chake leo kimo Ilala, kama mjuavyo, ulianzishwa na Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima, naye akafariki mwaka 1870 kabla ya kuyatimiza aliyoyanuia. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia hapo makao yao makuu kutoka Bagamoyo, na katika mwaka 1914 wakatoa kanuni ya ujenzi iliyoukata mji mapande matatu, kanuni ambayo Waingereza waliowafuata waliishika kwa namna yao. Ndiko yalikozaliwa majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, ambao watu wa leo huuona kuwa ni mahali pa kupungia upepo, ilhali asili yake ulikuwa mpaka wa kuwatenga watu kwa rangi zao, kwa kisingizio cha afya. Hapa pana funzo la kwanza: huduma za mji zaweza kuwa rehema, na zaweza kuwa ukuta, kwa kadiri ya nani aliyeketi katika baraza na nani aliyeachwa nje.

Jina la Kariakoo lenyewe ni kumbukumbu ya msiba. Vita Kuu ya kwanza ilipowafikisha Waingereza Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, jengo kubwa lililokuwa limeinuliwa na Wajerumani katika eneo hilo likawa maskani ya kikosi cha wapagazi, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na ndimi za wenyeji zikalilainisha jina hilo likawa Kariakoo. Wapagazi hao walibeba unga, risasi na majeruhi katika misitu na mabonde, nao wakafa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jengo lililowahifadhi likafunguliwa kuwa soko mwaka 1923. Hivyo mahali palipokusanya watu waliochukuliwa kwa nguvu pakawa mahali pa watu wanaokwenda kwa hiari yao, na ushuru wa soko ukawa miongoni mwa mapato ya mji.

Mji ulipewa mamlaka yake ya kwanza ya kujiendesha mwaka 1920, ukapandishwa kuwa manispaa mwaka 1949, na tarehe 10 Desemba 1961, siku moja baada ya Uhuru, ukatangazwa kuwa jiji. Kabla ya hapo, mwaka 1952, palifunguliwa Mnazi Mmoja jumba la jamii lililogharimiwa na tajiri Mgiriki aitwaye George Arnautoglu, ambalo wenyeji hata leo huliita Anatoglo. Humo watu wazima walifundishwa kusoma, vijana wakacheza dansi, na wanachama wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika, wakamchagua Julius Nyerere kuwa rais wao mwaka 1953. Jumba lililojengwa ili wenyeji wapumbazike likawa shule yao ya siasa, na si ajabu, maana watu wakipewa paa la kukutania, hawatakosa la kuzungumza.

Mwaka 1960 kiti cha umeya kikakaliwa kwa mara ya kwanza na Mwafrika, naye ni Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi aliyewafundisha watu sheria za kutunga mashairi. Tulizingatie jambo hili: mji uliokuwa umewagawa watu kwa kanuni za ujenzi ukamkabidhi funguo zake mtu ambaye kazi yake ilikuwa kulinda mizani na vina.

Sasa, wasikilizaji wangu, tumefika penye kiini cha hadithi yetu. Mwaka 1972 serikali ilitangaza siasa ya Madaraka Mikoani, na kwa siasa hiyo mabaraza ya wilaya na ya miji yakavunjwa, kazi zake zikakabidhiwa maofisa wa serikali kuu. Na Baraza la Jiji la Dar es Salaam nalo likaondoka, jiji likagawanywa katika wilaya tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke. Nia ilikuwa njema, kwani ilidhaniwa kwamba maendeleo yatafika upesi zaidi yakichukuliwa na wataalamu. Lakini ofisa huyo hakuchaguliwa na watu wa mtaa, wala hakuwa na sababu ya kuogopa hasira zao. Taka zikilala njiani na mifereji ikiziba, mkazi hakuwa na diwani wa kumkamata mkono msikitini au kanisani akamwuliza kulikoni. Huduma za miji zikadhoofu, kipindupindu kikaingia nchini, na mwaka 1978 mabaraza ya miji yakarudishwa. Kisha kwa sheria za mwaka 1982 serikali za mitaa zikafufuliwa nchi nzima, zikaanza kazi mwaka 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuzivunja serikali hizo ni miongoni mwa mambo ambayo, lau angeanza upya, asingeyafanya. Ni wachache mno miongoni mwa wakuu wa dunia waliopata kusema maneno kama hayo hadharani, na ukweli huo wa Mwalimu ni sehemu ya urithi wetu.

Hata hivyo, katika miaka hiyo hiyo ya kuvunjwa kwa mabaraza ndipo lilipojengwa Soko Kuu la Kariakoo tulijualo, kazi ya msanifu Mtanzania Beda Amuli, likafunguliwa na Mwalimu mwezi Desemba 1975. Mwenye kuinua macho yake ndani ya soko lile ataona nguzo za zege zinazotanuka juu mfano wa miavuli iliyopinduliwa. Umbo hilo hukinga maji ya mvua na kuyateremsha ndani ya nguzo, nalo humkumbusha mtu kivuli cha miti ambamo wazee wetu waliuziana tangu zamani. Chini ya jengo hilo yalishushwa magunia ya vitunguu na matenga ya nyanya yaliyotoka bara, na juu yake watu wakauziana kwa vibaba na mafungu. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliliunguza, serikali ikaamuru litengenezwe na soko dogo la pembeni lijengwe upya. Na wafanyabiashara waliohamishwa walionja kwa miaka kadhaa maana ya kukosa mahali pao pa kazi. Huduma ya umma haionekani thamani yake mpaka siku inapoondoka.

Lakini kurudi kwa mabaraza peke yake hakukutosha, na ushahidi ni kisa cha Tabata, ambayo imo Ilala. Baraza la Jiji lilikuwa likimwaga taka za mji mzima huko, zikiungua mchana na usiku, moshi ukiingia vyumbani, nzi wakifunika vyakula. Wakazi walilalamika wakachoka. Mwaka 1988 wakaenda Mahakama Kuu, nao wakashinda. Baraza likaomba muda liendelee kumwaga, na Jaji Kahwa Lugakingira akalikatalia, akishika ibara ya 14 ya Katiba inayolinda haki ya kuishi, na kushangaa kuona mamlaka ya umma ikisimama mbele ya mahakama kuomba ruhusa ya kuhatarisha maisha ya watu wake. Taka zikaondoka Tabata. Zikapelekwa Kunduchi Mtongani, nako kulikuwa na watu, baadaye Vingunguti na Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Ushindi wa mtaa mmoja usipofuatwa na mpango wa mji mzima huwa ni kumhamishia jirani mzigo.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Mwaka 1996 Baraza la Jiji lilivunjwa kwa kushindwa kazi, ikawekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Mwaka 2000 Baraza la Jiji likarudishwa, na Ilala ikapata manispaa yake. Na mwezi Februari 2021 Rais John Magufuli akalivunja tena Jiji na kuipandisha Ilala kuwa ndiyo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Leo halmashauri hiyo ina kata 36 na mitaa 159, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 1.6. Juu yake liko jukumu la shule za msingi, zahanati, masoko, machinjio na mifereji; na kwa sheria ya mwaka 2018 kila halmashauri nchini hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Mama wa Mchikichini anayekopa fedha hizo ili anunue sufuria na mkaa wa kupikia maandazi hakopi sadaka ya mtu. Anakopa ushuru uliolipwa sokoni na jirani zake, naye akirejesha, jirani mwingine hupata.

Alhasili, wapenzi wasikilizaji, tarikhi ya Ilala yatufundisha kwamba jina la baraza na hadhi ya mji si kitu kikubwa. Kikubwa ni umbali uliopo kati ya mwenye shida na mwenye dhamana. Umbali ule ulipokuwa mrefu, mji uliugua. Ulipofupishwa, hata kwa njia ya kesi mahakamani, mji ulipata nafuu. Na umbali huo haufupishwi na viongozi peke yao. Basi mkutano wa mtaa ukitangazwa kwenu, msiuache kwa wenye nafasi na wenye maneno mengi. Nendeni, ulizeni mapato na matumizi, someni kilichobandikwa ubaoni, mtajeni kwa heshima aliyefanya vyema na mumkumbushe kwa adabu aliyesahau. Amana isiyoulizwa hupotea mikononi mwa mwaminifu, seuze mikononi mwa asiyekuwa mwaminifu.