VIJANA WETU NA KAZI YA UJENZI
(Hotuba ya mwanachama wa gengi ya njia ya reli mbele ya mkutano wa tawi, Nairobi)



Mimi si mwalimu. Kisomo changu ni cha shule ya misheni tu, na kazi yangu ni ya mataruma na kokoto. Nataka kusema juu ya vijana wetu wa Mukuru, Mathare na Kibera, wake kwa waume, wanaobeba karai kwenye majengo.

Pengine mtu atauliza: jambo hili lahusu nini watu wa reli? Lahusu sana. Mji huu wa Nairobi ulianza mwaka 1899 kama kambi ya reli. Nasi twajua faida ya kufundishwa kazi kwa utaratibu, maana chuo cha reli cha South B kilianzishwa mwaka 1956. Si mbali na chuo hicho ni Mukuru, na huko kijana hujifunza kwa kutazama tu.

Kijana huyo huanza kama mtu wa mkono. Huchanganya simiti, hubeba mawe, na jioni hupewa ujira wa siku. Baada ya miaka 5 anajua mwiko, timazi na pimamaji. Lakini hana karatasi. Basi hulipwa kama kibarua, na siku ya kupunguza watu yeye ndiye wa kwanza kuambiwa aende.

Karatasi hiyo yapatikana. Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwanda, iitwayo NITA, iliyoundwa mwaka 2011, ina mtihani wa ufundi kwa waashi, maseremala, mafundi wa bomba na wengine. Mtu huanza Gredi 3, akapanda 2, kisha 1. Mtihani huo hupima sana kazi ya mikono, na aliyejifunzia kazini aweza kuufanya.

Tena, mafunzo si cheti tu. Anayejifunza kwa kutazama hurithi na makosa. Zege ya kawaida ni simiti kipimo 1, mchanga 2, kokoto 4. Ukizidisha maji, kumimina huwa rahisi lakini zege hukosa nguvu. Na baada ya kumimina, yafaa kuilowesha siku 7 au zaidi; nguvu yake hupimwa siku ya 28. Wangapi wamewahi kuelezwa hivyo? Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la orofa liliporomoka Huruma, wakafa watu zaidi ya 40. Sisemi vibarua ndio wenye kosa, maana jengo lile lilisimama kando ya mto bila idhini. Nasema kwamba anayeijua kazi ana kinywa cha kukataa kazi mbovu.

Sasa nije kwenye biashara. Wengi wana ufundi, lakini hesabu huwaangusha. Tuseme fundi amepatana kujenga ukuta kwa shilingi 30,000, vifaa ni vya mwenye nyumba. Ana wasaidizi 2 wa shilingi 800 kwa siku, na 4,000 za usafiri na kukodi mbao za kupandia. Kazi ikimalizika siku 10, wasaidizi huchukua 16,000, naye hubaki na 10,000, yaani 1,000 kwa siku. Lakini mawe yakichelewa, kazi ikafika siku 14, wasaidizi huchukua 22,400. Yeye hubaki na 3,600, na hiyo haifiki hata shilingi 260 kwa siku. Bosi amepata kidogo kuliko mtu wake wa mkono! Karatasi moja yenye sahihi, kwamba siku za kungoja vifaa zitalipwa, ingalimwokoa.

Mikopo ipo. Serikali ilianzisha mfuko wa vijana mwaka 2006, wa Uwezo mwaka 2013, na Hustler Fund mwaka 2022. Lakini mkopo si zawadi. Anayekopa kabla ya kujua hesabu hununua deni. Ujuzi na utangulie, kisha daftari, kisha vyombo vya kazi, ndipo mkopo.

Ndugu zangu, wako wasemao chama kishughulike na mishahara tu. Nawajibu hivi: kibarua asiye na ujuzi wala karatasi ndiye anayetumiwa kushusha mishahara ya wote. Kumwinua yeye ni kujilinda sisi.

Kwa hiyo naomba mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, tawi liweke akiba ndogo ya kukopesha ada ya mtihani, nayo irudishwe kidogo kidogo. Pili, mafundi wetu wenye vyeti, waashi, maseremala na wachomeleaji, wajitolee Jumamosi moja kila mwezi kuwatayarisha vijana. Tatu, makarani wetu wawafundishe kuandika mapatano na daftari la mapato na matumizi.

Hayo hayangoji mfadhili. Kidole kimoja hakivunji chawa. Bwana Mwenyekiti, naliacha jambo hili mikononi mwa mkutano, na naomba lipigiwe kura leo.